Soda ya Mwenye Ardhi

Koti lile la sufu lilitokana na ushauri wa Frempong, rafiki yake, aliyewahi kukaa London majira ya baridi na tangu hapo akajifanya mwalimu wa mambo yote ya ng'ambo. "Ng'ambo ni baridi, Badu. Usipoangalia utarudishwa kwenye jeneza." Basi Badu, muuza vipuri wa Kumasi, mtu mzima mwenye wajukuu, akatua Bangkok mwezi wa Aprili, jua linawaka kama limetukanwa, naye kafunga vifungo mpaka kooni. Kulivua hakuweza. Chini yake alikuwa na fulana iliyomwagikiwa na mchuzi wa ndegeni, na leo ndiyo siku aliyotakiwa kuonekana mtu wa maana.

Habari za ndege tusizichimbe sana. Kabla ya hapo, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi kwenda Abidjan, na hata huko alitapika. Safari hii alikesha ameng'ang'ania mikono ya kiti, akiamini kabisa kwamba akiiachia tu, abiria wote wamekwisha. Alipokwenda chooni, kishindo cha yale maji kilimtoa mbio, suruali kaishikilia mkononi. Mhudumu akatabasamu. Badu akamwambia alikuwa anakagua tu kama kinafanya kazi.

Lakini kilichomleta hakikuwa mchezo. Nkansah, mtoto wa dada yake, alikuja Bangkok kucheza kandanda. Goti likamsaliti, na binti aliyelikanda goti hilo mpaka likakunjika tena, Fon, ndiye Nkansah aliyetaka kumwoa. Fon alilelewa na bibi yake mzaa mama, Yai Lamai, na bila neno la Yai Lamai hapakuwa na ndoa. Naye Yai alikuwa ametoa neno moja tu: "Niletee mkubwa wako. Nimwone anavyoingia kwangu, ndipo nitasema." Kwa kina Badu, mjomba ndiye anayekwenda kubisha hodi kwa kina binti, chupa ya kijani ya pombe kali mkononi. Chupa hiyo ilikuwa sandukuni, imeviringishwa ndani ya suruali mbili. Na dada yake alimuaga kwa maneno machache: "Kaka, ukimharibia mwanangu, usirudi."

Ndani ya teksi, Badu alivaa uso aliokuwa ameuandaa nyumbani mbele ya kioo, uso wa mtu asiyeshangazwa na lolote. Shida ni kwamba la kushangaza halikuja. Foleni ilikuwa foleni. Pikipiki ilipita na baba, mama, watoto na feni. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma ndizi kwenye makaa, na kutoka uchochoroni ikaja harufu ya samaki wa kuozesha, ile ile ya jikoni kwa marehemu mama yake.

"Nkansah, nimekesha angani nije kuona ndizi za kuchoma?"

"Subiri, Mjomba."

"Nasubiri nini? Nikirudi nitamwambia nini Frempong?"

Ndipo akagundua kitu kilichomtia hofu. Magari yote yale yamesimama, jua kali, na hakuna anayepiga honi. Hata mmoja.

"Hawa wana nini? Wamekatazwa na serikali?"

"Honi ni kumvunjia mwenzako heshima, Mjomba. Watu hawapigi ovyo."

Badu, ambaye kwao huendesha kwa honi zaidi ya usukani, akatazama dirishani.

Nkansah alitumia foleni hiyo kumfunda. Viatu anavua mlangoni. Kichwa cha mtu hakiguswi. Nyayo hazielekezwi kwa mtu. Kwa Yai anaunganisha viganja na kuinamisha kichwa mpaka pua iguse vidole.

"Na usiongee sana, Mjomba."

"Mimi ndiye msemaji wa ukoo!"

"Ndiyo maana nakwambia."

Teksi iliwashusha mwanzo wa kichochoro. Walipofika getini, Nkansah akatangulia ndani kuwaambia mgeni ameingia, akamwacha Badu na sanduku lake na kiu yake. Kiu ile ilikuwa na uzito. Koti lilikuwa limemkamua maji yote ya mwili.

Pale pale kando ya geti, juu ya nguzo iliyomfika kifuani, kulikuwa na kijumba kizuri chenye paa la dhahabu, kimevishwa mashada ya yasmini. Mbele yake kulikuwa na sinia dogo, na juu ya sinia wali kidogo, ndizi mbivu, na chupa ya soda nyekundu. Imefunguliwa. Mrija umeshatiwa. Chupa bado inatoka jasho la baridi.

Badu nusura machozi yamtoke. Kwao mgeni hupewa maji kwanza, hata salamu za safari zinangoja mpaka anywe, na hapa amekuta watu waliomwekea kinywaji getini kabisa, asiingie na koo kavu! Watu wastaarabu namna gani hawa? Akanywa. Akavuta mpaka mrija ukakoroma chini ya chupa. Kisha akala na ndizi, maana kuacha alichoandaliwa mtu ni dharau, na dada yake alisema asiharibu. Alipomaliza akacheua kwa shukrani, akikielekea kijumba.

Alipogeuka, Yai Lamai alikuwa amesimama mlangoni, bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe kazikata fupi. Fon yuko nyuma yake, mkono mdomoni. Nkansah alikuwa na uso wa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Badu akakumbuka mafunzo, akaunganisha viganja, akainama mpaka pua ikagusa vidole. Chupa tupu ilikuwa katikati ya viganja, na mrija ukamchoma puani.

Yai akasema neno fupi.

"Anasemaje?" Badu akauliza.

"Anauliza kama umeshiba."

"Mwambie nashukuru sana, ila ndizi ingekuwa ya kuchoma..."

"Mjomba! Hiyo ni nyumba ya mwenye ardhi. Roho anayekilinda kiwanja hiki. Yai amemwekea soda asubuhi hii amwombe wageni waje na heri. Umemnyang'anya mdomoni."

Yai aligeuka akaingia ndani. Fon akamfuata, wakasikika wanaongea, kisha Fon akatoka macho yamemwiva. Yai amesema wageni wapewe chakula, halafu Mjomba apelekwe kwa Nkansah akapumzike. Kuhusu jambo lenyewe, hakuna la kuzungumza.

"Basi nimekwisha," akasema Nkansah, akakaa chini ukutani, goti lake bovu kalinyoosha.

Badu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angekuwa mzungu asiyejua kitu, angesamehewa. Lakini yeye! Yeye ambaye hakuna msiba wala ndoa katika ukoo wao ambapo hakuwamwagia pombe wazee waliotangulia, anayewafokea watoto wasikanyage pale palipomwagiwa. Mwaka juzi tu alimtoza mkwewe kondoo mzima kwa kuonja pombe kabla ya marehemu hawajapata yao. Kondoo! Na alimhutubia mbele ya watu. Leo kapanda ndege, kavuka nusu ya dunia, akanywa ya marehemu wa watu kwa mrija.

Akafungua sanduku. Akaitoa chupa ya kijani.

"Mjomba, hiyo ni ya kubishia hodi!"

"Nibishe hodi gani, na mimi nimeshaingia kwa dirisha?"

Akavua viatu. Kisha akavua koti, maana kwao huwezi kuwasemesha wakubwa ukiwa umejifunika mabega, na ile fulana yenye ramani ya mchuzi ikaonekana na uchochoro mzima. Akasimama mbele ya kijumba, akamimina tone kwa tone chini ya nguzo, akaongea kwa lugha ya kwao, si kwa sauti ya msemaji wa ukoo bali kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Yai alikuwa amerudi mlangoni. Akamgusa Nkansah begani amtafsirie.

"Mwenye ardhi, jina lako silijui na langu hulijui. Mimi ni Badu wa Kumasi. Nimekuja kuomba mtoto, nikaanza kwa kukuibia. Kiu ilikuwa yangu na ujinga ni wangu. Kijana huyu hakunywa hata funda. Usimnyime mke kwa sababu ya koo langu. Kama kuna wa kuadhibiwa niadhibu mimi, ila ukiweza ngoja nishuke kwenye ndege ya kurudi kwanza."

Yai akakiangalia kijumba, akaiangalia chupa ya kijani, akasema kitu.

"Anasema bwana wa hapa hagusi pombe kali," akatafsiri Nkansah. "Anapenda vitamu."

"Hata kuomba radhi nimekosea!" Badu akajishika kichwa.

Yai akazuia kicheko, kikamshinda kidogo pembeni mwa mdomo. Akauliza tena.

"Anauliza, kwenu mtu akinywa cha wazee mnamfanyaje. Mjomba, hili niache nimjibu mwenyewe..."

"Mwambie. Kondoo."

Nkansah akamwambia. Yai akaitazama fulana ya mgeni juu mpaka chini.

"Mimi kondoo nitamfuga wapi? Aje kesho asubuhi, amlipe bwana mwenyewe kwa mkono wake."

Asubuhi Badu alikuwa getini kabla duka la kichochoroni halijafunguliwa. Hakuvaa koti. Alipopata soda nyekundu akaibeba kwa mikono miwili, akakataa kabisa msaada wa Nkansah, na mate yakimjaa mdomoni akaapa moyoni kwamba hata ukungu wa chupa hataulamba. Yai akamtilia mrija, akamwonyesha pa kuiweka, akamwonyesha kuunganisha viganja bila chupa katikati. Badu akaomba kimya kimya, kwa mara ya kwanza maishani bila maneno mengi.

Alipofumbua macho, Yai alikuwa ametoa mfukoni mwa vazi lake chupa nyingine, nyekundu, ya baridi, imefunguliwa. Akaitia mrija, akamkabidhi. Kisha akaelekeza kidevu kwanza kwenye kijumba, halafu kwake, akisema polepole kama anayemfunza mtoto.

Nkansah alianza kutafsiri. "Anasema, ile ni yake. Hii ni yako. Usichanganye..."

Akakwama.

"Usichanganye, halafu nini? Tafsiri, we mtoto!"

"Usichanganye, mkwe."