Namba Tatu wa Nyumba Hii

Kama ulitaka kujua nani kaachika, nani kahamishwa kazi na nani anajenga kimyakimya, hukuwa na haja ya kununua gazeti. Ulikwenda kusuka kwa Kitana. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa hata akienda sokoni au msibani kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zake, na yeye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kibaraza chake kilikuwa na viti vinne na watu tisa. Wawili wanasukwa, wengine wanasubiri zamu, na waliobaki hawana hata nywele za kusuka, wamefuata maneno.

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha kaka yake, fundi majokofu, aliyemchukua akae naye mama yao alipofariki. Nyumba nzima ilikuwa na watu watatu tu: kaka, mkewe, na yeye. Majirani walishangaa, maana mawifi wawili wakikaa chini ya paa moja, walisema, hata panya huhama. Hawa walikuwa chanda na pete. Wifi aliuza kwenye duka la dawa. Akirudi jioni anavua viatu, anakaa chini mbele ya magoti ya Kitana, anachanwa taratibu huku akisimulia magonjwa ya watu bila kuwataja wagonjwa, na Kitana anawabahatisha mmoja mmoja mpaka wote wawili machozi yanawatoka kwa kucheka.

Basi siku hiyo, saa nane mchana, akaja binti mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Alisema yeye ni mdadisi wa utafiti wa taifa. Wanapita kaya kwa kaya kuuliza watu kama wameibiwa, wamepigwa au wametapeliwa, kwa sababu vitabu vya polisi vinawajua wale tu waliofika kaunta, na wengi hawafiki. Nyumba hii iliangukiwa na kura, ilishahojiwa miezi sita iliyopita, na itahojiwa tena kila baada ya miezi sita. Kitana hakuwa na habari. Mara ile ya kwanza alikuwa safarini siku mbili, kaenda kumsuka bibi harusi na mashangazi zake wote.

Mdadisi akawaorodhesha wakazi. Mkuu wa kaya namba moja, mkewe namba mbili, dada wa mkuu wa kaya namba tatu. Kisha akabonyeza, na kishikwambi chenyewe kikachagua nani wa kujibu safari hii. Kikamchagua namba tatu.

"Mimi?" Kitana akacheka. "Umepatia. Humu ndani mwenye maneno ni mimi."

Tatizo likawa faragha. Sheria ya kazi ilitaka anayehojiwa awe peke yake, na kibaraza kizima kilishavuta viti karibu. Wakaombwa wapishe. Mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuwa kasukwa upande mmoja na upande wa pili umesimama kama kaona jini, alisema yeye haendi popote, kesho mchana ana darasa la kwanza na wale watoto hawana huruma. Ikabidi Kitana na mgeni waingie chumbani, wakae kitandani, mlango wakaufunga.

Binti akala kiapo chake kama alivyofundishwa: atakayoyasikia hayatoki, jina haliandikwi, inaandikwa namba tu. Halafu akaeleza kwamba, kabla ya kuanza, lazima amsomee tukio lililotajwa mara iliyopita, ili lisihesabiwe mara mbili.

Wadadisi wazoefu wanajua hapo unasoma nini: tukio na mwezi, unanyamaza. Lakini huyu alikuwa na wiki moja kazini, hii nyumba yake ya tatu, na aliogopa kuruka neno kuliko alivyoogopa mbwa wa watu. Akasoma yote mpaka mwisho, kwa sauti iliyonyooka kama anatangaza vifo redioni.

"Wizi ndani ya nyumba. Sufuria sita za kupangana, na vifuniko vyake. Zilichukuliwa kabatini, hakuna mlango uliovunjwa. Mwizi anajulikana. Ni mkazi wa kaya, namba tatu, dada wa mkuu wa kaya. Polisi hawakuarifiwa. Sababu: ni mambo ya kifamilia." Akavuta pumzi. "Je, tangu hapo kumetokea..."

Akaishia hapo. Alikuwa ameinua macho, na namba tatu alikuwa amekaa mbele yake.

Kitana, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa la kusema hata makaburini, alichomoa kitana kichwani, akakirudisha, akakichomoa tena. Mwishoni akauliza nani aliyasema hayo.

Binti alikuwa kafunika kishikwambi kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia maziwa yasichemke. "Samahani dada. Hilo siruhusiwi kulisema."

"La mwizi umeruhusiwa?"

Binti akaanza kulia. Kitana ndiye aliyemtafutia kitambaa. Mahojiano yakakatikia hapo, na mgeni akaaga kwamba kesho asubuhi atarudi na msimamizi wake.

Kitana akarudi kibarazani kumalizia kichwa cha mwalimu. Wakamuuliza kulikoni, akasema maswali ya serikali tu. Mikono ilikuwa inasuka, akili iko kabatini.

Sufuria zile alizijua. Zilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa marehemu mama yake wifi, zinang'aa, hazijawahi kuguswa na moto, zimepangana moja ndani ya nyingine kama familia kwenye picha. Zilipopotea, wifi alimwambia kamwazima mfanyakazi mwenzake, naye kahama nazo. Kitana aliumia kuliko mwenye mali. Akasimama hapahapa kibarazani, mbele ya watu, akamlaani huyo mwanamke asiyemjua: mikono imkauke, chakula chake kila siku kiungue. Wifi alikuwa mlangoni, akimtazama. Kitana alidhani ule ulikuwa uchungu.

Na wiki hiyohiyo wifi alianza kuvaa ufunguo wa kabati shingoni, kwenye uzi mweusi. Alisema ni kwa ajili ya panya. Miezi sita Kitana amechana nywele zile, uzi ule ukimpita vidoleni kila jioni, na hakujiuliza ni panya gani anayefungua kabati kwa mkono.

"Shoga," mwalimu akalalamika, "unanisuka au unanining'iniza?"

Wifi aliporudi alimkuta jikoni peke yake, hajawasha hata jiko. Akavuta kigoda akae mahali pake pa kila siku. Kitana hakuchukua kitana. Akamsimulia kila kitu, kuanzia kura mpaka namba, bila kupandisha sauti, na alipomaliza akamwambia angemtukana usoni ingekuwa heri, kuliko kumshitaki kwa mtu wa kupita halafu jioni anampa kichwa amchane.

Wifi alisikiliza huku kashika ule ufunguo. Akasema yeye hakuulizwa lolote. Siku ile aliyechaguliwa ni mume wake. Yeye alitolewa sebuleni, akakaa hapahapa jikoni, na kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amegundua kabati tupu, alipiga kelele kupitia ukuta: waambie na sufuria zangu waziandike. Mgeni alipoondoka, mume alimwita chumbani akamwambia kwa huzuni kwamba amesema ukweli, aliyechukua ni mdogo wake, amemwona kwa macho yake. Ila wamstiri. Mama yao alimwachia yeye, akimwaibisha, mdogo wake hana pa kwenda. Ndipo wifi akatunga habari ya mfanyakazi aliyehama.

"Nikakusamehe, wifi," akasema. "Sikukunyima hata tonge."

Kitana alihisi hilo likimwingia kuliko lile la mwizi. Kusamehewa kosa ambalo hujalifanya, halafu ukashukuru na kuosha vyombo.

Kaka aliingia jua likiwa bado liko dirishani, mkoba wa spana begani, akipiga mluzi. Mluzi ulikatika alipoona jiko baridi na wanawake wawili wakimtazama. Kitana akamuuliza swali moja tu: alimwona wapi akibeba sufuria.

Kaka aliweka mkoba chini polepole, kama una mayai. Akasema yaliyopita si ndwele. Akasema karatasi zile hazina jina la mtu. Akasema amechoka, tangu asubuhi yuko kwenye jokofu la bucha. Kitana akarudia swali. Hapo kaka akakaa kwenye kigoda cha mkewe, magoti yakamfika kifuani.

"Ningefanyaje, mdogo wangu? Mtu ananiuliza, mke wangu anapiga kelele ukutani. Ilibidi awe mtu. Nikajua wewe ni damu yangu. Hata ukijua, utanisamehe."

"Kwa hiyo ulinichagua kwa sababu nakupenda."

Mkewe ndiye aliyeuliza sasa, taratibu, sufuria za mama yake ziko wapi. Akasema alizipeleka mahali. Mkewe akauliza hapo mahali anayezipikia ni nani. Kaka akatazama spana zake.

Kitana alisubiri. Alikuwa na hakika kwamba sasa wifi atamgeukia, atamshika mkono, atamwambia nisamehe, nilidanganywa kama wewe. Miaka yote ile ya nywele na vicheko ilikuwa na thamani ya neno hilo moja. Wifi alimgeukia kweli, lakini uso wake haukuwa na mshangao, na hapo Kitana akaelewa kabla hajaambiwa.

"Ulijua," akasema.

"Sikujua. Nilihisi." Wifi alikuwa anausokota uzi wa ufunguo. "Kuna siku nilinusa nguo zake, zina manukato yasiyo yangu. Nikajiambia, la, si amesema ni wifi. Ukiwa wewe, wifi yangu, mimi nafunga kabati nalala. Akiwa yeye, nitalala vipi?"

Kisha akauvua ufunguo, akauweka mezani mbele ya Kitana. Kitana aliutazama kama mtu anavyotazama nauli ya basi lililokwishaondoka. Hakuugusa.

Asubuhi mdadisi alirudi na msimamizi, mwanamume mwenye miwani na adabu nyingi, akaomba radhi mara tatu kwa niaba ya ofisi nzima. Kibaraza kilikuwa kitupu. Kitana alishawaambia wateja wa mapema kwamba leo hasuki. Aliwakaribisha, akawapa maji, akasema atajibu maswali yote, ila kwanza lile la mara iliyopita lirekebishwe. Aliyechukua si namba tatu. Ni namba moja, na amekiri mbele ya mkewe.

Msimamizi alivua miwani akaifuta. Akaeleza kwa upole kwamba awamu ile imefungwa. Majibu yalikwishakusanywa, yakajumlishwa na ya kaya nyingine maelfu, ikapatikana asilimia ya wizi unaofanywa na watu wa ndani. Haifunguliwi tena. Wala asiwe na wasiwasi, katika hesabu zile hakuna awezaye kumtambua.

"Jina lako halimo kabisa, dada," akasema.

"Kwenu halimo," Kitana akajibu. "Humu ndani limo."

Akajibu maswali yaliyobaki, moja baada ya jingine. Hajapigwa. Hajavamiwa barabarani. Hajatapeliwa kwa simu. Je, kuna mtu amekuchukulia kitu bila ridhaa yako? Hapo akauliza kama inahesabiwa kitu ambacho hakikai kabatini. Binti akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama sakafu. Kitana akasema basi, weka hapana.

Swali la mwisho lilikuwa la kawaida, la kumalizia tu. Tutarudi baada ya miezi sita. Je, wakazi wote hawa watakuwepo? Binti aliliuliza huku macho yake yakiwa kwenye beseni pale mlangoni. Ndani yake mlikuwa na vitana, vibanio, mafuta ya nywele na kioo kilichofungwa kwa taulo. Viti vinne vilikuwa vimepandishwa kimoja juu ya kingine. Mwalimu, kichwa chake kimesukwa pande zote mbili, alikuwa barabarani na mkokoteni wa kukodi, akisubiri. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha uani, na kibaraza.

"Andika namba moja yupo, na namba mbili yupo," Kitana akasema, akainama kuchukua beseni. "Namba tatu umfute."