Orodha ya Vyeti vya Baraza

Barua ya Mwalimu Motari ilifika kwenye ofisi ya baraza la mji siku ya Jumatatu. Nakala yake ilikuwa imeshamfikia Mkuu wa Wilaya kule Migori, ndiyo maana haikutupwa. Motari alikuwa mwalimu mstaafu, na mstaafu mwenye kalamu si mtu wa kuchezewa. Aliuliza mambo mawili tu. Kila mfanyakazi wa baraza ana cheti gani, na alikipata shule gani? Na ile kesi ya Wangwe, fundi wa maji aliyefutwa kazi eti hana cheti, akalishtaki baraza, imekula pesa ngapi za mawakili kwa miaka minne?

Bwana Machuki, karani wa baraza, aliisoma akacheka.

"Dorine," alimwita mpiga taipu wake, "hilo la mawakili tutajibu na mstari mmoja: jambo liko kortini. Lakini hii ya vyeti tuwajibu mpaka wasinzie. Piga majina yote arobaini na moja. Wale hawana kitu, andika 'uzoefu'. Na wewe ndio utakuwa wa kwanza. Division two! Mimi mwenyewe sikuipata."

Mpiga taipu alisema sawa, akarudi kwenye taipureta yake, akaisoma barua ile upya.

Yeye hakuwa Dorine. Dorine Mokeira alikuwa dada yake mkubwa, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1981, akafa kwa malaria kabla ya matokeo kutoka. Cheti kilifika nyumbani udongo wa kaburi haujakauka. Baba yao alikishika akakitazama, kisha akamwita Risper, aliyekuwa ameishia darasa la saba.

"Ng'ombe tatu za karo zimeingia kwa hii karatasi," alisema. "Mtoto nimezika. Karatasi sitazika."

Ndivyo Risper Nyatichi alivyochukua kitambulisho kwa jina la marehemu, akajifunza kupiga taipu, akaajiriwa, akalea watoto wawili. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu wa namna hiyo, shangazi au binamu, na hakuna aliyemnyooshea mwenziwe kidole. Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Zake zilikuwa zimefika miaka kumi na moja.

Orodha yenyewe haikumtisha. Alishapiga uongo mwingi kwenye mashine ile, wenye muhuri. Kilichomtisha ni sahihi ya barua. Motari ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dorine kule upande wa Ndhiwa, na ndiye aliyeleta cheti kile nyumbani kwa mkono wake.

Alifikiria kujiandikia 'uzoefu', lakini Machuki angeuliza. Akapiga jina la dada yake, akapiga jina la shule.

Alhamisi asubuhi baraza liliita mkutano wa wananchi kusomewa majibu, na ukumbi ulijaa. Machuki alivaa miwani, akaanza kusoma kwa madaha. "Namba moja, Dorine Mokeira, kidato cha nne, daraja la pili. Dorine, simama wakuone."

Risper akasimama. Mbele kabisa, Mwalimu Motari alimtazama. Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamtazama mara ya pili. Halafu akainamisha kichwa, akaanza kukunjakunja karatasi ya maswali yake.

Alijua, na hangesema. Risper angeketi tu na kazi yake ingebaki. Lakini watu walianza kupiga makofi. Walikuwa wakimpigia Dorine, na Dorine hakuwepo kuyapokea. Kwa miaka yote hiyo Risper hakuwahi kupata nafasi ya kumlilia dada yake.

"Mwalimu," alisema, "Dorine alikufa. Unajua. Mimi ni Risper, yule mdogo alikuletea chai siku ya cheti."

"Najua, binti yangu," Motari alijibu. "Nilikuwa nimeamua kunyamaza."

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Machuki alifunga mkutano papo hapo. Motari alibaki amesimama na karatasi yake, akiuliza habari za mawakili, na hakuna aliyemsikia.

Jumatatu iliyofuata ilibidi barua ya kumfuta Risper kazi iandikwe, na ofisi nzima ilikuwa na mpiga taipu mmoja. Risper akaketi, akaweka karatasi, Machuki akamsomea maneno yake. Alipofika kwenye jina, Machuki alikwama. Dorine alikuwa maiti, na Risper hakuwahi kuajiriwa.

"Ngoja nipigie wakili simu," alisema.

"Usimsumbue, Bwana Karani. Huyo atataka kulipwa."

Akapiga mwenyewe: Risper Nyatichi. Tangu aache shule jina hilo halikuwa limeandikwa popote. Akalisoma mara mbili, akaichomoa karatasi, akampa Machuki atie sahihi.