Fundo Chini ya Sweta

Kwa miaka tisa Bella aliuona ulimwengu juu ya bega la kushoto la bibi yake. Mwavita, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la Mutakura mjini Bujumbura, alimbeba mgongoni akienda sokoni, akienda kanisani, akienda kugombana na jirani. Miguu ya mtoto ilikaza kama vijiti tangu kuzaliwa, na mgongo wake ulilegea kama ugali uliozidi maji, lakini habari za mtaa alizijua kuliko katekista. Wateja walikuwa wamezoea kusalimia vichwa viwili.

Mwaka huo mgongo wa Mwavita ukaanza kulalamika. Ulilalamika asubuhi, ukalalamika jioni, na mchana ukapumzika kidogo ili upate nguvu za kulalamika tena.

Halafu kulikuwa na jambo la shule. Direkta, mtu mpole mwenye tai fupi, alisema wazi: "Mama, mi sikatai mutoto. Aje mu septemba. Lakini akae mwenyewe ku benchi. Niko na watoto makumi nane mu darasa, sina mutu wa kumushika." Mwavita alitoka pale akiwa na hesabu nyepesi kichwani: Bella akikaa, atasoma. Asipokaa, atafukuza inzi juu ya ndagala maisha yake yote.

Orlane, binti aliyekuwa akimnyoosha Bella viungo kwenye kituo cha afya, ndiye aliyeleta habari ya farasi. Kila Jumamosi alikuwa na kiwanja huko Gihosha, mlimani, ambapo walemavu wakubwa kwa wadogo walipandishwa farasi wakapata nguvu.

"Farasi?" Mwavita akauliza. "Ile munyama ya meno makubwa?"

"Eko muzee, mama. Hana haraka na mutu."

Farasi huyo aliitwa Minisitiri, kwa sababu alikuwa na tumbo, alikuwa na mvi, na hakuanza safari kabla watu wote hawajajipanga. Hyacinthe, mwanamume mrefu wa maneno machache, alishika kamba mbele. Orlane alitembea kulia, Mwavita kushoto, kila mmoja akiweka mkono juu ya paja la Bella. Mtoto alikalia blanketi nene, na mbele yake kulikuwa na mkanda wenye mpini wa kushikia. Minisitiri alimnusa Mwavita, akagundua chumvi ya ndagala, akamramba kiganja mpaka akaridhika. Mwavita alipendezwa. Wanaume waliowahi kumramba mkono hawakuwa wengi.

"Angalia kiuno yake," Orlane akamweleza. "Farasi akitembea anamusukuma kidogo huku, kidogo kule, sawa vile mutu anatembea. Kila hatua anamuuliza: uko wapi? Mugongo ndjo inajibu. Ikizoea kujibu hapa, itajibu hata ku benchi."

Jumamosi ya kwanza mgongo haukujibu kitu. Bella aliinama kulia, akainama kushoto, akalala juu ya shingo ya Minisitiri, akacheka mpaka mate yakamtoka. Mwavita hakucheka. Alipima kwa macho kutoka mgongo wa farasi mpaka kwenye mawe chini.

Katika maisha yake hakuwahi kumweka mtoto mahali pa juu bila kumfunga. Jumamosi ya pili, Orlane alipoinama kukagua kwato, Mwavita akazungusha kitenge chake cha majogoo kiunoni mwa Bella, akakikaza kwenye mpini kwa fundo la ingobyi, lile la kubebea watoto, ambalo kwao Uvira halijawahi kumwangusha mtu. Juu yake akashusha sweta kubwa ya marehemu babu.

"Sweta na hii joto?" Orlane akauliza, akijipangusa jasho.

"Anasikia baridi," Mwavita akajibu bila kupepesa jicho.

Siku hiyo Bella alikaa wima kama bibi harusi. Na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Orlane alistaajabu, akaandika kwenye daftari, akampigia direkta simu. Mwavita alipokea pongezi zote, na Bella akamtazama kwa jicho la upande.

Jumamosi ya sita vumbi lilikuwa jingi, na Minisitiri alikuwa na mwasho. Akasimama. Akakwaruza ardhi mara moja, mara mbili, akaanza kukunja magoti.

"Anataka kugaagaa!" Hyacinthe akapiga kelele. "Mushushe mutoto!"

Orlane akamkumbatia Bella kiunoni, akavuta. Bella hakuja. Akavuta tena, likaja blanketi. Hyacinthe akakivuta kichwa cha farasi juu kwa nguvu zake zote, akitamka maneno ambayo hayasemwi kanisani, mpaka Minisitiri akaguna, akanyanyuka, amechukia.

Orlane akainua sweta.

"Mama Mwavita."

"Abe."

"Nani alifunga?"

Mwavita akamtazama Hyacinthe, akamtazama farasi. Akaona hakuna atakayekubali. "Ni mi. Tangu Jumamosi ya pili."

Orlane hakugomba. "Farasi angelala, mama, angelala juu yake. Ndjo maana hatufungake mutu ku farasi." Kisha, polepole: "Na mi nimeambia direkta anakaa. Kumbe kitenge ndjo ilikuwa inakaa."

Neno hilo lilimwingia Mwavita kuliko tusi. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili. "Basi turudi nyumbani," akasema. "Ku soko kuko kazi."

"Koko," Bella akamwita bibi yake. "Fungua."

"Utaanguka."

"Siku zote inaniminya tumbo. Fungua, nikae juu ya farasi."

Fundo lilikuwa limekaza, na vidole vya Mwavita vilikuwa vimekataa kazi. Akaliuma kwa meno manne yaliyobaki, huku Minisitiri, mwenye meno mengi, akigeuka kumtazama.

Orlane akarudisha blanketi mahali pake, wakaanza. Hatua ya tatu Bella akaegemea kushoto. Hapo farasi yule yule mwenye dhambi akasimama mwenyewe. Hyacinthe hakuwa amevuta kamba. Minisitiri akageuza masikio nyuma, akangoja. Mtoto akajikusanya, shingo kwanza, mabega, halafu mgongo. Alipokuwa sawa, farasi akaendelea.

"Ile sikumufunza," Hyacinthe akasema. Ilikuwa hotuba yake ya mwezi.

Mzunguko wa kwanza farasi alisimama mara saba. Wa pili, mara nne. Mwavita alitembea kando yake bila mzaha wowote mdomoni. Siku zote alidhani Bujumbura nzima hakuna anayejua kumbeba Bella isipokuwa yeye. Na huyu hapa, mwenye miguu minne na bila fundo, alimbeba kwa kumngojea.

"Toa mukono, mama," Orlane akasema. Wake alikuwa ameshautoa.

Ghafla uzee ukamziba Mwavita masikio.

"Koko," Bella akasema, ulimi nje, jasho puani. "Mukono."

Akaondoa kidole kimoja. Kingine. Mkono ukabaki hewani. Bella akaenda hatua sita peke yake, hatua saba, hatua kumi na moja, na Minisitiri hakusimama hata mara moja.

Jumamosi mbili zilizofuata alipanda bila kitenge na bila sweta.

Siku ya kwanza ya masomo Bella alikaa benchi ya pili, viwiko mezani, akiyumba kidogo kidogo kama yuko safarini. Mwavita akasimama dirishani, kitenge cha majogoo begani.

"Mama, unangojea nini?" direkta akauliza.

"Nangojea aanguke, nimufunge."

"Basi ngoja."

Akangoja. Saa mbili, saa tatu. Kwenye saa nne mtoto wa kando alimsukuma, Bella akaenda kushoto. Mkono wa Mwavita ukaruka. Lakini Bella akabaki ameinama kidogo, ametulia, kama mtu anayejua anangojewa. Halafu shingo, mabega, mgongo.

Mwavita akashuka sokoni kwenye ndagala zake. Jua lilikuwa kali, Mutakura nzima inatoka jasho. Yeye mgongo ulikuwa mtupu, ukasikia baridi, akajifunga kitenge mwenyewe.