Hatua za Baba

Baba alikuwa tarishi miaka thelathini na mmoja, na miguu yake haikujua kuchoka. Kwa hiyo hospitali walipomfunga saa ya kuhesabu hatua mkono wa kushoto, alicheka. "Nimetembea mji mzima bila kuhesabiwa," akamwambia muuguzi, "leo mnanihesabia safari za chooni?" Muuguzi akanieleza mimi, binti yake, kwamba mionzi ya kutibu uvimbe wake wa kichwani inachosha, na hatua zikipungua ghafla nipige simu. Hesabu ningeiona kwenye simu yangu, popote nilipo.

Wiki ya kwanza alifika hatua elfu tatu kwa siku. Wiki ya nne, mia mbili. Nilipiga simu, wakasema ni uchovu, nimhimize. Nikamhimiza kwa mdomo wangu huu usio na breki. Nilimwita mvivu. Nilimwambia uvimbe uko kichwani, si miguuni. Akavuta shuka. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba.

Alhamisi, baada ya mionzi, nilimrudisha nyumbani, nikamwacha kitini na chai yake, nikaenda saluni ninakosuka watu. Simu niliiegemeza kwenye kioo. Saa nane na dakika kumi hatua zikaanza kupanda. Mia tatu. Mia sita. Elfu moja. Nilimwonyesha mteja, nikamwambia mzee kaamua kunikomoa. Saluni nzima ikacheka. Mwenye saluni akasema nimpigie nimpongeze, nikakataa, nisije nikamkatisha mwendo. Nilimaliza kichwa cha mteja taratibu, huku naimba.

Nyumbani nilimkuta Baba sakafuni, kando ya kiti. Hakuwa amepiga hatua hata moja. Mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka wenyewe, unagonga mguu wa meza, na saa inahesabu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona.

Hospitali walimdunga sindano, mkono ukatulia. Baba hakuzinduka. Daktari alisema kifafa kikidumu muda mrefu kinaunguza ubongo, na kwamba ili ajue kimeharibu kiasi gani, lazima ajue kimedumu kiasi gani.

"Dada, pole," akasema, kalamu mkononi. "Kuna mtu yeyote anayejua kilianza saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi," nikamjibu. "Nilikuwa naangalia."