Fundo la Tatu

Mfuniko wa chungu uligonga mara moja, ukanyamaza. Kijiji cha Kumsenga kilikuwa bado gizani, na Bibi Uwimana alikuwa akifunga maharage kwenye jani la mgomba. Njia ya kwenda gereza la Kasulu ni ndefu, na vumbi lake jekundu huamka mapema kuliko watu.

Fundo moja tu, alijiambia. Fundo moja tu.

Mwaka 2012 mwanawe Tharsisi alisahau porini mwenge wa kufukuzia nyuki, na mizinga arobaini ya kikundi cha wafuga nyuki ikateketea. Kila ukoo hufunga mwenge kwa namna yake: kwao mafundo matatu, kwa jirani zao, kina Makarius, mawili. Bibi alikuwa wa kwanza kufika penye majivu. Aliokota kitako cha mwenge, akakumbuka Makarius alivyomwacha Ernesta, mjukuu wake yeye Bibi, baada ya pombe ya uchumba kunywewa. Vidole vyake, vidole vilivyopokea watoto wa nusu ya kijiji, vikafungua fundo la tatu, na mwenge ukaonekana wa Makarius.

Fundo moja tu. Miaka mitatu ya mtu gerezani.

Siku hiyo ya safari, gerezani, wafungwa waliwaigizia wageni mchezo wa kale: mtawala aliyepinduliwa na nduguye, akatupwa kisiwani, akangoja hadi adui zake wakaanguka mikononi mwake. Mwalimu Rabia, aliyewafundisha mchezo huo, aliwaruhusu wausimulie upya. Kisiwa hawakukijua, wakakifanya kilima kilichozingirwa na pori. Mtawala alikuwa Makarius, blanketi begani. Adui walipopiga magoti, aliinua fimbo. Akawatazama wageni, akamwona Bibi. Fimbo ikakaa juu, ikakaa, ikakaa. Ndipo akaivunja.

“Nendeni. Nimewasamehe.”

Watu wakashangilia. Askari mmoja akamsogezea Bibi kiti, akimwita mama, na upole ule ukamchoma kuliko pilipili jichoni.

Makarius alipokuja kumsalimu, Bibi hakusubiri salamu.

“Fundo nililifungua mimi, mwanangu. Mwenge ulikuwa wa Tharsisi. Kesho nakwenda kumwambia hakimu.”

“Nilijua, Bibi. Mafundo ya kwetu nayajua.”

“Na ulivyosamehe pale mbele?”

“Ule ni mchezo tu.” Alicheka kidogo, akaacha. “Nimeyasema maneno yale wiki sita. Mdomo umeshazoea, moyo bado.”

Makarius alifungua jani aliloletewa, akaonja maharage.

“Hayana chumvi.”

“Nilisahau.”

Kengele ikalia. Akasimama, akageuka, akarudi hatua moja.

“Jumapili uje tena, Bibi. Usinitumie mtu. Uje wewe.”