Mpira wa Shingo ya Tangi

Isaiah Ouma ndiye aliyeniletea kazi ile, na mimi ndiye niliyemharibia jina. Watu wa mtaa wa Huruma wakisimulia habari hii huanza na pickup, kana kwamba gari lina mdomo wa kusema jambo. Aliyesema ni mimi, Okello, fundi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Nilikuwa na kibanda cha mabati pale Huruma, kando ya watengeneza masufuria na wachomeleaji, na kiwanja cha kutosha magari matatu yakibanana. Wateja walikuwa wa kubahatisha. Isaiah alinizidi miaka kama kumi na mitano, na kwa kuwa sote tulitoka Alego nilimwita Jaduong', jina tunalowapa wakubwa wetu. Alikuwa dereva tangu ujana wake. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, yule anayesimama mlangoni Jumapili akiwasalimu watu kwa mikono miwili. Mkewe, Selpha, alishona sare za shule katika chumba kile kile walicholala na watoto wao wanne.

Mwajiri wake alikuwa Mzee Ndungu, mwenye duka mahali panapoitwa Ziwa, kaskazini mwa mji. Mzee huyu alihama kutoka Murang'a miaka mingi kabla ya hapo, akafungua duka, akaheshimika. Mwaka huo alinunua pickup ya dizeli iliyokwisha kutumika, kutoka kwa shamba moja kubwa lililokuwa likiuza vitu vyake. Kila asubuhi Isaiah alipakia mikebe ya maziwa ya wakulima wa Ziwa, akaipeleka kiwandani mjini, akarudi na sukari, unga na mbolea ya duka.

Miezi miwili ya kwanza pickup ilikwenda vizuri. Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza kuichimba barabara, ikaanza kumaliza mafuta.

"Hii kitu inakunywa kuliko ng'ombe," Mzee Ndungu aliniambia siku walipoileta. "Tangi moja ilikuwa inanifikisha Jumamosi. Sasa Alhamisi imekauka. Fundi, nitafutie ni nini."

"Tutapata, Mzee," nikasema.

Na kweli nilitafuta. Nilifungua chujio la hewa, nikalikuta limeziba kwa vumbi na makapi ya mahindi, nikaweka jipya. Nikainua magurudumu ya nyuma na kuyazungusha kwa mkono. La kushoto lilikuwa zito, breki imeng'ang'ania, nikailegeza. Nikajaza tairi upepo. Nikatoa nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, nikazipeleka mjini kwa jamaa mwenye mashine ya kuzipima. Mbili zilikuwa zinatiririsha badala ya kunyunyiza, tukazibadilisha. Usiku nikatandaza kadibodi chini ya gari, na asubuhi nikaikuta kavu, bila hata tone. Moshi nao ulikuwa umepungua. Nikamrudishia Mzee gari lake kifua mbele.

Wiki iliyofuata walirudi. Ilikuwa Alhamisi, na tangi lilikuwa kavu.

Isaiah akanivuta kando. "Okello, kuna kitu nimeona. Nikijaza tangi, mshale unashuka haraka sana mpaka karibu nusu. Ukifika hapo unatulia. Ile nusu ya chini inanikalia siku nyingi kuliko ya juu."

"Mishale ya magari kuukuu ni ya uongo, Jaduong'."

"Sio mshale peke yake. Kule kwa mlima, nikiwa na maziwa, nasikia harufu."

"Gari ya dizeli inuke nini? Marashi?"

Alicheka kidogo, kwa adabu. "Basi twende na wewe mpaka Ziwa. Kesho asubuhi. Tupakie maziwa, urudi na mimi, uone mwenyewe."

Nilikuwa na lori la mtu ambalo giaboksi yake nilikuwa nimeilaza chini vipande vipande. Kwenda Ziwa na kurudi kungenila asubuhi nzima. Nikamwambia hakuna haja. Nikatia dizeli kiasi nilichokipima kwa galoni, nikaendesha gari tupu kwa barabara ya lami mpaka Kiplombe na kurudi, kisha nikapima iliyobaki. Gari lilikuwa limekula kidogo tu, kama linavyotakiwa.

Mzee Ndungu alikuwa akingoja, mikono nyuma. Wateja wangu wengine walikuwepo, na wachomeleaji walikuwa wamezima mashine zao ili wasikie.

"Kwa hivyo?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Lakini gari lile nilikuwa nimelifungua mara mbili mbele ya watu wale wale, na pale Huruma fundi akisema hajui, kesho wateja wanampita wakienda kwa jirani. Nikapangusa mikono kwa kitambaa.

"Mzee, gari ni zima. Mimi upande wangu nimemaliza. Sasa wewe angalia upande wa dereva."

Isaiah alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, asijue kama aitikie.

"Unasikia?" Mzee Ndungu akamgeukia. "Hata mtu wa kwenu anasema."

"Mzee, sijawahi kutoa hata kikombe kimoja."

"Si umesema mafuta inashuka tangi ikiwa imejaa? Nimekusikia hapo. Na mwizi huchota saa gani? Si ni ikiwa imejaa?"

Akanyoosha mkono. Isaiah akaweka ufunguo kwenye kiganja chake, akatoa koti lake ndani ya gari, akaenda. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Nilirudi kwenye giaboksi.

Siku zile mtu akishatajwa hadharani, ilitosha. Hakuna aliyeuliza nani aliona, wala kama kuna aliyeuziwa hayo mafuta. Jumapili Isaiah alisimama mlangoni pa kanisa kama kawaida, na watu wakapita wakijifanya wanatafuta Biblia mikobani. Jumapili ya pili wazee wenzake wakamwomba apumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Akazunguka kwa wenye malori, kwa wenye maduka ya vifaa, kwa kila mtu mwenye gari la mzigo pale mjini. Wote walikuwa wameshasikia. Mwishowe akapata kazi ya kubeba magunia katika ghala moja la mahindi, naye alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Jioni moja nilimwona akitoka huko, vumbi limemjaa mpaka nyusini. Nilivuka barabara nikapita upande wa pili.

Mzee Ndungu hakuajiri dereva mwingine. Aliendesha mwenyewe, na kwa miezi miwili hakuja kwangu. Habari nilizipata kwa Jemutai, mkulima wa Ziwa aliyekuja siku moja kuchomelewa mkebe wake wa maziwa. Aliniambia pickup ilikuwa imeishiwa mafuta njiani mara tatu. Mzee alikaa na maziwa juani akingoja mtu wa kumletea galoni, na alipofika kiwandani wakayapima, wakayakataa. Mara ya tatu wakulima hawakusubiri ya nne. Kulikuwa na mtu wa trekta aliyetaka mzigo huo, wakampa.

"Mimi nilimwaga mikebe miwili kwa shimo," Jemutai akasema. "Ndama wenyewe walikuwa wameshiba."

Mwezi wa saba Mzee Ndungu akaja. Alizima gari, akashuka, akaketi juu ya tairi kuukuu bila kukaribishwa. Alikuwa amekonda.

"Dereva ni mimi," akasema. "Ufunguo nalala nao. Na bado inakunywa. Sasa niambie, fundi, mwizi ni nani?"

Nikamwambia twende wote Ziwa, turudi na mzigo. Kesho yake alfajiri nilipanda naye mpaka Ziwa. Maziwa hayakuwepo tena ya kupakia, kwa hiyo tukapakia magunia ya mahindi kutoka stoo yake mpaka springi zikalala, tukajaza tangi pomoni, tukaanza kurudi. Pale barabara inapopanda, penye mashimo, nikasikia harufu. Haikuwa ile harufu ya kawaida ya gari la dizeli. Hii ilikuwa nzito, kama umefungua kifuniko cha pipa puani.

"Simama, Mzee. Usiteremshe kitu."

Nililala matopeni nikajivuta chini. Kuna mpira mfupi unaounganisha mdomo wa kujazia mafuta na shingo ya tangi. Mdomo umefungwa kwenye bodi, tangi limefungwa kwenye chasisi. Gari likiwa tupu, mpira unakaa umenyooka. Likibeba mzigo, bodi inalala na mpira unakunjika. Huu ulikuwa umepasuka kwa chini, nyuma ya kibano chake, mahali ambapo jicho halifiki. Gari lilipokuwa na mzigo ule, ufa ulikuwa wazi, na dizeli ilikuwa ikimwagika juu ya tangi, ikinyweka katika matope yaliyogandamana hapo tangu mvua. Mafuta yakishapungua kufika nusu, hayaufikii mpira tena. Na barabara ya lami ya Kiplombe, gari likiwa tupu, haiwezi kukuonyesha chochote.

Kila alichoniambia Isaiah kilikuwa pale juu ya uso wangu, kikinidondokea shingoni.

Nilitoka nikamweleza Mzee Ndungu. Aliinama akatazama, akainuka akishika kiuno.

"Mpira," akasema. Kisha akapanda, akaendesha mpaka Huruma.

Nilikata kile kipande, urefu wa kiganja, nikafunga kingine. Kazi ya nusu saa. Gari halikupoteza mafuta tena tangu siku hiyo.

Jioni tulikwenda wote wawili kwa Isaiah. Alikuwa ameketi kitandani, Selpha akiwa kwenye cherehani yake karibu na mlango. Mzee Ndungu alivua kofia.

"Bwana Isaiah, nilikukosea. Fundi amepata. Ilikuwa mpira."

Isaiah alitikisa kichwa polepole. "Juu ya tangi?"

"Juu ya tangi," nikasema mimi.

"Nilisikia harufu," akasema, si kwetu hasa.

"Rudi kazini," Mzee akamwambia. "Hata kesho."

"Niendeshe nini, Mzee? Nimesikia maziwa yameenda."

Mzee Ndungu akaigeuza kofia mikononi. Ilikuwa kweli. Alikuwa tayari ametafuta mtu wa kuinunua ile pickup, maana duka peke yake halikuweza kuilisha. Selpha hakuinua macho. Alishona mshono wake mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akaanza mwingine.

Jumapili ile nilikwenda kanisani, mimi nisiyekwenda mara nyingi, nikaomba kusimama. Nikaeleza mbele ya watu wote: ule mpira, ule ufa, na jinsi nilivyokataa kwenda Ziwa nilipoombwa. Mchungaji akasema asante, ndugu, Mungu akubariki. Watu wakapiga makofi machache. Nje, mama mmoja aitwaye Hulda, mwenyekiti wa akina mama, alinishika mkono kwa huruma.

"Umefanya vizuri kumtetea," akaniambia. "Ni mtu wa kwenu, usipomtetea wewe ni nani atamtetea?"

"Mama, simtetei. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akinipigapiga mkono. "Tunaelewa."

Isaiah hakurudishwa mlangoni. Hakuna aliyesema hatarudishwa. Mtu mwingine alikuwa amezoea pale. Mwezi wa tisa gunia lilimwangukia mgongoni, akalala nyumbani wiki tatu, na ghala likachukua mtu mwingine. Ndipo wakaamua kurudi Alego.

Kabla ya kuondoka alikuja kwangu, akitembea kwa kuegemea ukuta wa mabati. Nilimpa kigoda. Hakukaa, kwa sababu kuinuka kulimuuma zaidi.

"Kaka yake Selpha ana basi kule nyumbani," akasema. "Naweza kuendesha, kukaa kwenye kiti si kama kubeba. Lakini hii maneno imefika mpaka huko. Ameandika anataka nimwonyeshe kitu. Ule mpira, uliuweka?"

Niliutupa siku ile ile. Sikumwambia mara moja. Nilikwenda nyuma ya kibanda kwenye lundo la takataka, nikafukua kwa mikono: matambara ya oili, chujio zilizooza, vipande vya tairi vilivyoungua. Huwa tunalichoma lundo lile kila mwisho wa mwezi. Nilifukua huku nikijua.

Niliporudi alikuwa bado amesimama.

"Jaduong', umeungua. Lakini ngoja. Hizo mipira zinafanana zote. Naweza kukupatia nyingine, niipasue vile vile, mahali pale pale. Hakuna mtu atajua."

Alinitazama bila hasira. Hasira ningeipokea.

"Hapana, Okello," akasema. "Wacha tu."

Waliondoka Jumanne. Kutoka kanisani hakuja mtu. Mzee Ndungu alikuwa Ziwa, na pickup alikuwa ameshaiuza kwa watu wa Kitale. Nilibeba cherehani ya Selpha begani kutoka chumbani mpaka kituoni, nikaiweka chini taratibu kando ya masanduku yao. Akanishukuru kama anavyoshukuriwa mtu wa mizigo, akageuka kuwahesabu watoto.