Harufu ya Ghala

Siku ya ishirini na tatu baada ya kujifungua, Regina alikuwa bado hajaliona jua la Mbeya isipokuwa njiani kwenda chooni. Na huko chooni alisindikizwa, blanketi kichwani kama mwizi aliyekamatwa, mama mkwe wake akimhimiza kwa nyuma: "Haraka, mwanangu, haraka! Upepo huo!"

Mama mkwe huyo aliitwa Bibi Marta, na tumtendee haki mapema: hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, Regina angejua la kufanya. Tatizo lilikuwa upendo wake. Asubuhi alileta uji wa pilipili manga, mchana ndizi za nyama, na mara mbili kwa siku aliingia na sufuria la maji ya moto akamkanda mzazi mpaka mvuke ukajaa chumba na matone yakateremka ukutani. Nepi zilianikwa humo humo juu ya kitanda, maana masika ya mwaka ule wa sabini na sita hayakuwa na simile, na mlima Loleza ulikuwa haujaonekana wiki nzima. Dirisha dogo la mbao lilipigiliwa misumari, kisha likazibwa kwa gunia. Bibi Marta akiona mwanga unapenya mahali, anachomeka kitambaa na kukisukuma kwa kidole. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema kila mara.

Wahenga walinena pia kwamba penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hao hawakuwahi kukandwa na Bibi Marta.

Mume wa Regina, Isakwisa, alikuwa Iringa akipasua mbao, na ruhusa ya kuja nyumbani asingepata hadi Pasaka. Nyumba ilikuwa ya mama yake, funguo za mama yake, na siku arobaini zilikuwa sheria ya mama yake. Kwa hiyo Regina alikaa.

Wiki ya pili kifua cha mtoto kikaanza kulia. Saulo alikuwa anavuta pumzi kwa mluzi mwembamba, na akikohoa anageuka mwekundu. Bibi Marta akaleta dawa ya kikohozi kutoka zahanati, akamsugua mafuta ya kondoo, akaongeza gunia la pili dirishani. Kila kikohozi kilizaa kitambaa kingine. Regina mwenyewe macho yalimwasha na pua haikukauka, ila alianza kugundua jambo la ajabu: akifika chooni, kwenye nzi na harufu zake zote, pua inazibuka. Akirudi chumbani, hata kitanda hakijapata joto, kifua kimeshabana. Halafu Jumapili akina mama wa kanisani walikuja kumwona mtoto. Saulo akapelekwa sebuleni, na muda wote wa chai alilala bila mluzi hata mmoja.

"Umeona, mama? Kule sebuleni hakukohoa," Regina akasema wageni walipoondoka.

"Amependa wageni."

"Tufungue dirisha kidogo tu, mama."

Bibi Marta akakaa kitandani taratibu, mikono mapajani. "Mwanangu wa kwanza, Eliezeri, nilimzalia chumba hiki hiki. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, sijui kitu. Siku moja tu niliacha dirisha wazi. Upepo ukamwingia. Toka siku ile nikaziba, nikaziba, lakini wapi. Hata miezi miwili hakumaliza." Akamwangalia Regina. "Sasa unaniambia nifungue?"

Regina akaanza kukunja nepi zilizokauka, akijichukia kwa kila aliyoikunja.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bibi Marta alikwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta ndizi, na kama kawaida yake akaufunga mlango wa chumba kwa kufuli, kwa nje, asije akaingia mtu wa jicho baya. Hazikupita dakika nyingi Saulo akaachia ziwa. Pua zake zilikuwa zinatanuka na mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Mluzi ulikuwa umekatika, na huko kukatika kulimtisha Regina kuliko mluzi wenyewe. Midomo ya mtoto ilianza kuwa na rangi ya majivu.

Alipiga kelele, lakini mvua juu ya bati ilizimeza. Aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote, nao ukacheza kidogo tu kwenye kufuli. Akarudi kitandani, akapiga magoti, akamwinua mtoto akiegemea kitambaa cha ukutani kilichodariziwa KARIBU MGENI, zawadi ya Bibi Marta kwa mjukuu. Hapo ndipo harufu ikampata sawasawa.

Harufu ile aliijua tangu utotoni. Huko Usangu baba yake, mzee Mihayo, alilima mpunga, na magunia aliyaweka juu ya uchanja, mbali na ukuta. Mwaka mmoja kibarua mvivu aliyaegemeza ukutani. Masika yalipokwisha, mpunga ulikuwa umeota kuvu nyeusi, na wanawake waliopewa kazi ya kuupepeta walikohoa siku tatu. Tangu mwaka ule mzee Mihayo alifungua ghala asubuhi na kusubiri nje kwanza. "Mpunga ukiumwa," alikuwa akisema, "na wewe utaumwa."

Regina akakikwanyua kitambaa. Nyuma yake ukuta wote ulikuwa mweusi, kutoka sakafuni hadi usawa wa mto alikolazwa Saulo, mweusi wenye manyoya laini kama ya panya.

Alimlaza mtoto mlangoni, akayang'oa magunia, akashika kigoda cha kukandia na kulipiga dirisha. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La tatu likauondoa ubao mzima, na baridi ikaingia kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Akamfunga Saulo blanketi, akamtoa dirishani kichwa na kifua, chini ya upenu, mvua ikipita kando.

Hivyo ndivyo Bibi Marta alivyowakuta. Ndizi zikaanguka matopeni.

"Unamuua! Regina, unaniulia mjukuu!"

"Mpokee, mama! Usimrudishe humu ndani, nakuomba, mpokee tu!"

Bibi Marta akampokea, akakimbilia baraza la jikoni. Regina akabaki amefungiwa, kifua juu ya ubao uliovunjika, akisikiliza. Hakusikia chochote zaidi ya mvua. Aliogopa kuita, kwa sababu angeita angejibiwa.

Kisha Bibi Marta akatokea dirishani na mtoto begani, sikio lake kifuani pa mtoto. Saulo alikuwa analia, kilio kibovu cha mkwaruzo, lakini kilio chenye hewa ndani yake. "Anavuta," bibi akasema kwa mshangao. "Mwanangu, anavuta." Akazunguka mlangoni kufungua, kufuli likamshinda mara mbili.

Hospitali iliwalaza siku nne. Mganga alimsikiliza Saulo kifua, akauliza wanalala chumba cha namna gani. Regina alipomweleza, akasema, "Huko msimrudishe."

Waliporudi, kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni. Regina alimlaza mtoto, akamkuta mama mkwe amesimama peke yake katika chumba kile, mbele ya ule ukuta.

"Kwenu magunia mnayaweka mbali na ukuta kiasi gani?" Bibi Marta aliuliza bila kugeuka.

"Shibiri mbili, mama."

Bibi akapima kwa kiganja, shibiri moja, mbili, kisha akakiacha kiganja pale pale. "Eliezeri nilimlaza kichwa hapa." Kidole chake kikachora mstari katika weusi ule. "Dirisha lilikuwa wazi siku moja. Siku nyingine zote nilikuwa nimeziba."

Wiki nzima Regina alikuwa ametamani aambiwe kwamba ana haki. Sasa haki hiyo ilikuwa mbele yake, naye hakuitaka. Alimhurumia mno mama huyu.

"Ulikuwa upepo, mama," akasema.

Bibi Marta akageuka, akamtazama muda mrefu. "Ee," akasema. "Ulikuwa upepo."

Kisha akaokota nyundo, akaanza kung'oa misumari iliyobaki dirishani, mmoja mmoja, akiiweka katika pindo la khanga yake.